Mpaka Magharibi ya Venisi

Katika nyumba yetu ya Ibra, huku Oman, kwenye majlisi, chumba cha kupokelea wageni wa kiume, limetundikwa zulia la ukutani lenye picha ya mji uliojengwa juu ya maji. Nyumba ni nyembamba, za rangi ya mchanga na rangi ya pera lililoiva. Katikati pana daraja lililopinda mgongo, na chini ya daraja mashua nyeusi ina watu wawili, mwanamume na mwanamke, wametupa kisogo. Zulia hili nililikuta nilipoingia bibi harusi. Nikalitazama kila Ijumaa baada ya hapo, maana Ijumaa ndiyo siku niliyosimama mlangoni na sinia la tende na birika la kahawa, nikamkabidhi mume wangu, na juu ya vichwa vya wageni nikawaona wale wawili wamekaa peke yao.

Nilimwonea wivu yule mwanamke. Sioni haya kulisema. Kichwa chake kilikuwa kimemwegemea mwenziwe kidogo tu, na hapana aliyekuwa akimwita jikoni.

Mume wangu alikuwa mtumishi wa serikali Maskati. Wiki nzima alilala huko, na mwisho wa wiki akaja. Akifika Bidbid, pale njia yetu inapoachana na ile ya Nizwa, hunipigia simu akasema, "Nimeshakata Bidbid," nami nikateleka wali. Mpaka leo nikilisikia jina la Bidbid nasikia harufu ya mchele unaochemka. Lakini akishafika hakuwa wangu. Alikuwa wa mama yake, wa ndugu zake, wa jirani mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, na wa kila aliyepita akaliona gari lake nje. Watoto tulijaaliwa, wakakua, wakaondoka na wake zao na waume zao. Siku nzima, kutoka alfajiri mpaka isha, yeye na mimi bila ya mtu wa tatu, sikuwahi kuipata.

Alipostaafu akaniuliza ninataka nini. "Sema, bibi. Usione haya."

Nilimshika mkono nikampeleka majlisi, siku hiyo chumba ni kitupu, nikaiweka ncha ya kidole juu ya ile mashua. "Nataka kukaa pale. Siku moja tu. Mimi na wewe."

Alicheka. Kisha akanitazama, akaona mimi sicheki.

"Maji hata Nizwa yapo," akasema kwa upole. "Falaji kubwa, ngome, halua ya moto. Asubuhi tunakwenda, usiku tumerudi."

"Nizwa! Hebu nihesabie binamu zako kuanzia langoni mpaka sokoni. Hatutofika kwenye hayo maji. Tutakunywa kahawa nyumba hadi nyumba mpaka tumbo litie kelele."

Alijua ni kweli. Kwetu mtu hapiti mlango asikaribishwe. Anayekula humkaribisha anayepita, na anayesafiri humkaribisha hata anayekuja kumuaga: karibu, twende sote. Ya ndugu mlangoni kwake haikataliki, lakini adabu ya hizi nyingine ni kuzikataa. Unajibu "Mungu akuzidishie", unatabasamu, unakwenda zako, na kila mmoja amehifadhi heshima yake. Watoto wetu hulijua hili kabla ya kujua kusoma. Mimi nilitaka mji ambao hapana mtu hata mmoja angetufungulia mlango akatwambia karibu. Na mji wa zulia, mume wangu aliniambia baada ya kuutafuta kwenye simu, unaitwa Venisi.

Basi tukaanza kuipanga siku yetu. Kipupwe chote, ambacho Oman huingia mwisho wa mwaka, baada ya sala ya alasiri, tulitandika mkeka kwenye baraza ya nyuma inayotazama mitende, tukaweka birika na finjani mbili. Kando yetu, juu ya kitanda chake, alilala mama mkwe wangu, Bimkubwa, miguu yake haimchukui tena, tasbihi mkononi na macho kafumba. Chini ya mitende maji ya falaji ya kunyweshea mashamba yalipita katika mfereji wake wa saruji, yakiingia shamba la huyu na kutoka la yule. Sisi tulikuwa mbali.

Tutatoka alfajiri, tukishasali, mji bado umelala. Tutapita vichochoro kama vya Unguja, ambayo mimi niliiacha nikiwa wa kubebwa na yeye anaikumbuka kwa vipande. Mimi nitavaa baibui langu na raba nilizozinunua soko la wanawake la Jumatano. Yeye atanunua kahawa na atanuna kwa sababu haina iliki.

"Sitonuna," akasema.

"Utanuna. Nakujua."

"Basi tuchukue yetu, kwenye chupa."

Tukakubaliana chupa. Adhuhuri tutatafuta kivuli na samaki wa kukaanga. Baada ya alasiri ndiyo mashua. Hapo tulikwenda polepole, hatukutaka kufika mwisho. Nani atakaa upande gani. Kama maji yatanukia chumvi. Kama mpiga kasia atakuwa mtu wa maneno mengi au atatuacha.

"Utanishika mkono?" nikamwuliza siku moja.

"Mbele za watu?"

"Watu gani? Hapana anayetujua."

Akageuka kumtazama mama yake, akamwona amelala. "Basi nitakushika," akasema, na masikio yakamwiva, mtu mzima na ndevu zake nyeupe.

Tangu hapo nilitembea kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Nikichambua mchele najiona darajani. Nikifagia ukumbi naona maji yamejaa mpaka kizingitini, nafungua mlango, nashuka mashuani kwenda kununua vitunguu, na jirani yangu ananipungia mkono kutoka dirishani kwake, maji yanacheza baina yetu. Kwenye falaji ukipita ukuti mkavu, nilisimama kuuangalia mpaka uingie chini ya ukuta wa jirani. Nilikuwa na furaha ya kijinga, na nikaitunza.

Siku moja mume wangu aliiinua simu yake karibu na macho. "Ajabu hii. Mwezi wa sita, Venisi, magharibi inaingia saa tatu ya usiku."

"Saa tatu! Hiyo si isha?"

"Isha bado sana."

Tuliangaliana. Wazee wetu walitulea kwa saa za jua la Unguja, linalotua wakati ule ule mwaka mzima, na hata baada ya kuishi Oman umri huu wote, vichwani mwetu magharibi hufuata alasiri kama ndugu wa kuzaliwa. Tulikuwa tumeibana mashua yetu baina ya sala mbili, tukiogopa kuchelewa. Sasa pakafunguka jioni kubwa ambayo hatukuipanga.

"Tuijaze nini?" akauliza.

"Tusiijaze."

Kitandani tasbihi ya Bimkubwa ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Wiki ile ile akaja wifi yangu kutoka Sur, dada mkubwa wa mume wangu, mjane anayeishi peke yake. Njia ya Al Kamil wal Wafi yote amekuja na sanduku la samaki miguuni, na tulipomwamkia shikamoo alijibu marahaba huku akililalamikia joto. Tukamkaribisha barazani kwenye kahawa. Mume wangu, hana siri na dada yake, akamweleza kwamba mwezi wa sita tunakwenda Venisi. Kisha, kama afanyavyo kila mtu aliyelelewa vizuri, akaongeza, "Karibu, dada. Twende sote."

Mimi nilikuwa namimina kahawa. Nilisubiri ile "Mungu akuzidishie".

Wifi akaitua finjani yake. "Wallahi nitakuja," akasema. "Tangu kufa bwana yangu, hapana mtu aliyenambia twende hata sokoni." Macho yalikuwa yamemjaa. "Na Mama tutamchukua na kiti chake cha magurudumu. Kwa nini abaki na wajukuu?"

Kahawa ilifurika ikamwagika sinia zima. Mume wangu aliinama akaokota kokwa ya tende ambayo haikuwapo.

Usiku jikoni niliyabamiza masufuria mpaka akaja mwenyewe. "Ningefanya nini?" akanong'ona. "Nisimkaribishe?"

"Ungenyamaza!"

"Mbele ya dada yangu? Namwambia nasafiri, halafu nanyamaza?"

Kilichonikera zaidi ni kwamba alisema kweli. Hata mimi ningesema vile vile. Na karibu ikishapokewa hairudishwi, labda utake kumwua mtu kwa aibu. Nililia kwa hasira juu ya beseni la vyombo, mwanamke mwenye wajukuu, nalilia mashua ya kwenye zulia.

Wifi akawa anapiga simu kutoka Sur kila siku. Amenunua viatu. Je, papa mkavu anaruhusiwa kwenye ndege? Tuchukue na kijungu cha umeme cha kupikia wali, maana chakula cha huko nani anakijua? Siku moja aliuliza mashua inachukua watu wangapi, na mume wangu, mkweli siku zote, akamjibu watano. "Alhamdulillahi," akasema wifi, "tunatosha, na kikapu kina nafasi." Sauti yake ilikuwa imerudi usichana. Nilitaka kumchukia nikashindwa, nikazidi kuudhika.

Kwenye baraza niliacha kukaa. Alasiri ikifika nilijitafutia kazi. Mume wangu alikunywa kahawa peke yake mara mbili tatu, kisha akaacha na yeye, akawa anabaki msikitini na wazee wenziwe. Raba zangu nilizisukuma chini ya kitanda. Siku ile niliyoingoja tangu uarusi wangu ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza, na sikumwona wa kumlaumu.

Joto lilipoanza na makole ya tende kubadilika rangi, jioni moja nilikuwa namkanda Bimkubwa miguu kwa mafuta ya nazi. Mume wangu hajarudi kutoka msikitini. Nilidhani bibi wa watu amelala.

"Mbona mmeiacha ile safari yenu?" akasema, macho kafumba vile vile.

"Hatukuiacha, Mama. Sote tunakwenda."

"Siyo hiyo. Ile nyingine. Nilikuwa naifuata. Mlifika kwenye mashua."

Uso uliniwaka moto. Kumbe kipupwe chote, hata ule mkono.

"Mie baba yao nimekaa naye umri wangu," akasema. "Unguja palikuwa na duka. Hapa palikuwa na shamba na wageni. Siku aliyokufa, watu walitoka wakashughulikie maji ya kumkoshea, mlango ukarudishwa, nikabaki naye. Nikajiambia, haya, leo ndiyo mara ya mwanzo tuko wawili." Alivuta punje ya tasbihi. "Nilikuwa na maneno mengi."

Mikono yangu ilisimama juu ya kifundo chake.

"Basi siku yenu ile, mie nitaumwa."

"Mama! Mungu apishe mbali."

"Nitaumwa kichwa, na kizunguzungu. Nikiumwa binti yangu haniachi, unamjua. Atakaa nami chumbani tangu asubuhi, nitamshika mkono, anisimulie ya Sur yote mpaka akome mwenyewe. Hana wa kumsikiliza yule, maskini. Atapika na wali wake." Alifungua jicho moja, akanitazama. "Magharibi yao inaingia saa ngapi vile?"

"Saa tatu ya usiku, Mama."

"Basi nitaumwa mpaka hapo."

Nilimbusu mkono wenye tasbihi, nikaulowesha, naye akaniambia nisimpake machozi nimpake mafuta, mguu wa pili bado. Nikamaliza mguu wa pili. Kisha nikachemsha kahawa, nikatandika mkeka mahali pake.

Mume wangu aliporudi alisimama kwenye mlango wa baraza, akaziona finjani mbili. Alivua viatu taratibu, akakaa. Bimkubwa alikuwa amefumba macho.

"Tulikuwa tumefika wapi?" akaniuliza.

"Mashuani," nikamwambia. "Ulikuwa ndiyo kwanza umenishika mkono."