Mkulima wa Ndoo wa Orofa ya Tatu

Enzi zetu pale mtaa wa Tena, maji ya mfereji yalikuja Jumanne na Ijumaa tu. Ploti nzima, lile jengo letu la kupanga, ilichangamka kama sikukuu: mitungi ikigongana ngazini, sabuni ikinukia, akina mama wakiitana kutoka orofa hadi orofa. Nami ndipo niliponywesha nyanya zangu.

Ilikuwa miche mitatu, ndani ya ndoo kuukuu za rangi, kwenye balkoni yetu. Baba alikuwa ameahidi kutuletea nyama kutoka soko la Burma siku ya kufunga shule, nikatangaza kwamba kachumbari itatoka shambani kwangu. Kaka yangu Kevo alicheka hadi akashika tumbo. "Shamba gani? Mkulima wa ndoo! Tukila nyanya yako hata moja, nitakuoshea vyombo likizo nzima."

Basi Jumanne na Ijumaa nilimwaga maji mpaka yakadondokea nguo za Mama Akinyi, jirani wa chini. "Weh! Nani ananinyeshea na jua linawaka?" Siku zilizobaki, udongo ulikauka ukapasuka. Nyanya zilitoka, lakini zikaanza kuoza moja moja, kitako cheusi tii. Nikanyunyiza jivu. Nikalaumu jicho la Kevo. Mwishowe nikalia.

Mama Akinyi alipopanda kunigombeza, alikuta machozi. Akainamia ndoo. "Mwanangu, ushinde njaa siku tatu, halafu ulishwe sufuria nzima ya ugali, tumbo litakuwaje? Ipe kidogo, kila siku."

Kuanzia hapo maji ya kusuuzia sukuma wiki yakawa mali yangu. Mama aliyaweka kando kila jioni, na ole wake atakayeyamwaga.

Siku ya kufunga shule ilinikuta na nyanya moja nzima. Moja! Mama alijaza bakuli kwa nyanya za kibandani, lakini ile yangu Baba aliikata mwenyewe, vipande vyembamba kama karatasi, kila mtu chake, na Mama Akinyi akapelekewa cha kwake. Kevo alitafuna polepole akiangalia dari. Akainuka, akakunja mikono ya shati, akavuta karai la vyombo.

Watoto wa siku hizi wanatazama kilimo kwenye simu, wanajua ugonjwa wa kila jani, na kucha zao safi kabisa! Nawacheka, halafu nachungulia jikoni kwangu. Nyanya za kununua zimejaa, nyekundu, hazina doa. Nakata nne kwa mlo mmoja, na sijui jirani wa chini anaitwa nani.