Jenereta ya Matanga

Mimi hupiga picha za nyumba jioni, na sina subira na wanaodhani ni kazi ya kubonyeza tu. Jua likishazama ziwani, anga hubaki samawati kwa dakika chache, na hapo ndipo mwanga wa madirishani hulingana na wa nje. Ukichelewa, umepiga picha ya giza.

Mjane mmoja karibu na Luanda Kotieno, kando ya ziwa, aliniita nipige nyumba yake mpya. Mwanawe aliye ng'ambo ndiye aliyeijenga, kwa simu tu, na kila Desemba alikuwa na sababu ya kutokuja. Mama aliamini kwamba akiiona imewaka taa, moyo utamvuta nyumbani. Nikaapa kumpa picha ya kumliza huyo mwana.

Jioni hiyo stima ikapotea. Jenereta ya kukodi ilikuwa moja tu pale kijijini, ile ya matanga, na ikinguruma hata mbuzi wanajua kuna msiba. Mimi mtu wa mjini ningejuaje? Niliikodi, nikawasha taa za vyumba vyote, nikaacha lango wazi, nikapanga viti vya plastiki uani ili picha isipwaye. Mama akaenda kuoga.

Ndipo kilio kikapasuka nyuma yangu. Majirani waliingia mbio na matawi ya maombolezo mikononi, wakimsifu marehemu, wengine wakiwahi viti. Niliwasihi wasogee, wakaniuliza mimi ni mtu wa aina gani, kufanya biashara kwenye msiba. Anga ilikuwa inakwisha. Kwa hasira nikapiga hivyo hivyo.

Mama akatoka na gauni lake la kanisani, akauliza ni nani amekufa. Aliyekuwa akimlilia yeye kwa sauti kuu kuliko wote akaangusha tawi lake. Walipoelewa, walicheka hadi wengine wakakaa chini, naye akabandika chai, maana wageni ni wageni.

Picha, lazima niseme, ilikuwa nzuri ajabu. Mama akamtumia mwanawe bila neno lolote. Chai haijachemka, simu yake ikalia, akanipa nipokee kwa kuwa alikuwa anakoroga sukari. Mwanamume mzima alikuwa akilia upande wa pili.

"Mama yangu yuko wapi?" aliuliza. "Natafuta ndege ya kesho."

Nikafungua mdomo nimweleze. Mama akaninyang'anya simu, akakaa kitako, akalegeza sauti kama mgonjwa.

"Bado niko, baba," akasema. "Lakini njoo haraka."