Iwanza ya Wasichana

Kijiji chetu kilikuwa kisiwa nusu mwaka. Tulihamishiwa pale kiangazi, wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa, na aliyechagua mahali aliona nchi kavu. Masika yalipoingia, mbuga yote ikajaa maji, tukabaki juu ya mwinuko wetu na mitumbwi miwili. Mmoja niliuendesha mimi, kwa pondo, mti mrefu wa kusukumia, tangu nilipomaliza darasa la saba.

Mwingine ulipinduka, wakafa wasichana wawili waliokuwa wakirudi shuleni Tabora baada ya likizo. Baba akaapa kwamba mdogo wangu wa kike, aliyekuwa bado shule ya msingi, hatavuka maji kwa ajili ya masomo.

Kiangazi kilichofuata akaja fundi wa ramani kutoka mjini. Alikuwa amechora sekondari ya visiwa vyote vya mbuga ile, ijengwe kwenye mwinuko wa ng'ambo. Alikuwa amefikiri vizuri. Mtoto angekwenda kwa miguu kabla ya mvua, angelala bwenini masika yote, angerudi ardhi ikikauka. Mdogo wangu aliichungulia karatasi, akaweka kidole kwenye chumba kimoja cha bweni la wasichana.

"Kaka, mimi hapa. Karibu na dirisha."

Kikaoni wazee wengi walisikia Kinyamwezi zaidi kuliko Kiswahili, kwa hiyo katibu wa kijiji akatafsiri. Kwa bweni akatumia neno iwanza. Hakujua jengo lingine wanamolala watu wengi.

Wazee wakacheka. "Iwanza ya wasichana! Nami nikienda kuota moto nimkute mkwe wangu amelala?"

Baba hakucheka. Iwanza ni nyumba ya wanaume, wanamoota moto jioni. Babu yake alisimulia jinsi wapagazi wa misafara, wakipita na pembe kwenda pwani, walivyolala humo. Msafiri yeyote aliyefika jioni alikaribishwa humo, wala hakuulizwa jina.

"Na binti yangu awemo?" baba akauliza.

Nikasimama. "Shikamooni wazee. Bweni siyo iwanza. Lina kufuli. Lina mwalimu mwanamke."

"Marahaba, mpiga pondo," akajibu mjomba wangu, mmoja wa wazee. "Darasa la saba umemaliza, uji wa kitoto bado hujamaliza. Kaa chini."

Wakacheka tena. Fundi akauliza wanasema nini.

"La wasichana hawalitaki," katibu akamjibu.

Fundi akatoa kifutio. Alifuta taratibu, akapuliza vumbi la karatasi. "Basi tuanze na la wavulana."

Nilimsindikiza hadi barabarani, nikamweleza jinsi neno iwanza lilivyopotosha tafsiri.

"Ningerudi," akasema. "Lakini kikao kimekataa, na kikao ndicho wananchi."

Masika yalipofika, mdogo wangu akiwa ameshaozwa, nilimvusha kwenda kwa mumewe, upande wa Itetemia. Maji yalikuwa mengi kuliko mwaka ule wa ajali. Baba alisimama ukingoni akinielekeza nishike upande wa matete, penye kina kidogo.

Mdogo wangu alikaa mbele, sanduku mapajani, kanga mpya kichwani.

"Kumbe kwa mume maji yanavukika," akasema.

Nikasukuma pondo. Tulipita chini ya mwinuko wa shule. Kuta za bweni la wavulana zilikuwa zimejengwa hadi usawa wa madirisha, na matofali yake mabichi ya juu, yasiyo na paa, yalikuwa yameanza kuyeyuka. Aliyatazama mpaka matete yakayaficha.