Maji Yaliyokuja Bila Wingu

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka kichwa bado kinanizunguka. Nakuandikia kwa sababu umesema wewe na wenzako wa kanisani mnatoka hapa Richfield kwenda kupiga kambi jangwani Arizona.

Mimi baba yako sikusoma sana, lakini hakuna aliyeniletea kitu mkononi. Nilifagia uwanja wa ndege, nikajifunza kuendesha lori, leo nina malori yangu na wenye digrii wananiomba kazi. Barafu ya hapa nimeendesha juu yake wengine wakiwa wamejifungia ndani. Kwa hiyo tulipofika jangwa hilo hilo la Arizona, Agosti kabla hujazaliwa, sikuona wa kunifundisha. Nilisimamisha hema katikati ya mto mkavu, penye mchanga laini na kivuli. Mama yako akaingia kulala, wewe ukiwa tumboni.

Tulikuwa na Mzee Ekai, Mturkana aliyekulia nchi kavu, dereva wangu. Alipazunguka pale, akarudi.

“Kijana, hamisha hema.”

“Mzee, kwani wingu liko wapi?”

“Sijataja wingu. Zile nyasi zilizokwama juu ya mti, nani alizipeleka?”

“Upepo.”

“Haya, mwenye malori. Na lile gogo lililonasa pale juu pia ni upepo.”

Nikacheka. Kwetu Kisii mvua inakunyeshea kwanza wewe mwenyewe, ndipo mto unajaa. Mama yako ndiye aliyetoka, akaanza kung'oa vigingi bila hata kunitazama. Nikabeba hema hadi juu ukingoni, nikinung'unika njia nzima.

Nilikuwa bado nafunga kamba niliposikia ngurumo, kama lori linashuka mlima. Nikatazama barabarani, hakuna kitu. Nikatazama juu, buluu tupu. Nikatazama chini, maji ya tope yanapita na magogo, pale pale alipokuwa amelala mama yako.

“Yametoka wapi?” nikauliza, nimemshika mama yako mkono.

Mzee akanyoosha kidole kwenye milima ya mbali, akasema imenyesha kule. Nikakodoa macho, sikuona chochote. Hata leo nikisimulia najichanganya.

Basi nisikilize. Jangwani usiiamini anga iliyo juu yako peke yake. Usilale mtoni, hata mto uwe mkavu namna gani. Na anayejua nchi kavu akikwambia hama, hama kwanza; maswali utamuuliza mkiwa juu ukingoni. Mimi bado namuuliza.

Mungu akulaze pakavu, akuamshe pakavu, akurudishe kwa mama yako na mchanga wa viatuni tu.