Kiroba Kilichotangulia Pole

Wiki iliyopita yaliletwa makatoni ya kadi mpya hapa lojini ninapofanya kazi, mjini Karatu. Ni kadi za kumkaribisha mgeni. Tunaweka moja juu ya mto katika kila chumba, pamoja na ua. Karatasi yake ni nene, rangi ya uji wa ulezi, na ina vidoa vya njano hapa na pale. Jana asubuhi mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye kofia pana, alikuja nayo mapokezi, akainusa, akaniuliza kama kweli hii ndiyo ile karatasi inayotengenezwa kwa mavi ya tembo. Nikasema ndiyo. Akauliza vile vidoa vya njano ni nini. Nikajibu bila hata kufikiri: ni maganda ya mahindi, tumbo la tembo huwa haliyamalizi. Alifurahi kama mtoto, akaenda kupanda gari la kushuka kreta kutazama wanyama. Mimi nikabaki pale mezani uso unaniwaka, kwa sababu jibu lile halikuwa langu. Lilikuwa la bibi yangu, na yeye hakulitoa bila aibu.

Ngoja nikueleze, maana wewe si mgeni, na kwako sina haja ya kutabasamu.

Nililelewa na bibi kule Ganako, upande wa juu, msitu unapoanza. Kule asubuhi ukungu hushuka mpaka mlangoni na kuku hukataa kutoka bandani. Bibi alikuwa mtengeneza karatasi. Kazi hiyo aliifundishwa ukubwani, na watu waliokuja kijijini wakafundisha akina mama wengi kisha wakaondoka. Wenzake waliacha baada ya muda mfupi, wakisema heri kufuga kuku. Bibi peke yake aliendelea, akaongeza ya kwake, mpaka nadhani hata waliomfundisha wasingeitambua tena kazi yao.

Mavi ya tembo tuliyaokota njiani na pembeni mwa msitu, tukayaanika, tukayaosha kwenye maji mengi mpaka zikabaki nyuzi tupu. Kuchota maji yale ilikuwa kazi yangu, na mpaka leo nikiona dumu la njano shingo inaniuma. Kisha nyuzi zilichemshwa kwenye pipa pamoja na majivu, mchana kutwa. Watu hudhani kulikuwa na uvundo. Hapana. Kulikuwa na harufu ya majani makavu yaliyonyeshewa, na juu yake harufu ya makande yetu, kwa sababu bibi hakuruhusu moto upotee bure. Chungu cha makande kilikaa ubavuni mwa pipa siku nzima. Baada ya hapo nyuzi zilitwangwa kwenye kinu zikawa rojo. Rojo liliingia kwenye karai la maji, bibi akazamisha fremu ya mbao iliyowambwa chandarua, akaiinua polepole huku akiitikisa kidogo, kulia na kushoto, kama mtu anayepepeta mchele. Maji yalichuruzika. Karatasi ilikuwa imebaki juu ya wavu, nyororo, inatetemeka.

Hapo ndipo alipowazidi wote. Alikuwa na makopo ya rojo lililotiwa rangi: maganda ya vitunguu vya Mang'ola yalitoa njano na kahawia, udongo wetu ulitoa nyekundu, masizi yakatoa nyeusi. Alichota kwa kijiko akamimina juu ya karatasi mbichi, na picha ikakauka ikiwa mwili mmoja na karatasi yenyewe. Wenye maduka mjini walitaka twiga, naye aliwatengenezea twiga, huku akiwacheka. "Huyu shingo ndefu ndiye anayeninunulia chumvi," alikuwa akisema. Ila alichopenda ni mashamba. Alikaa nje ya mlango akatazama miteremko ya mahindi na mbaazi, kisha akaingia ndani kuimimina. Tulipata mashamba mengi kuliko wanunuzi wa mashamba.

Shuleni nilikuwa mjukuu wa mavi. Wenzangu walinusa madaftari yangu kabla ya kukaa nami dawati moja, na yalikuwa madaftari ya dukani kama yao! Niliona aibu kubwa. Nilijisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikapauka. Lakini aibu ile ilikuwa ya kitoto, na nakwambia leo kwamba ilikuwa nyepesi. Nzito ilikuja baadaye.

Tulikuwa na jirani, mama aliyefiwa na mume akaachiwa watoto wadogo. Shamba lake lilipakana na msitu. Letu lilikuwa ng'ambo ya korongo refu ambalo tembo hawakupenda kulivuka. Yeye na bibi walikuwa chanda na pete. Alikuja kila siku yenye jua kutwanga na bibi, michi miwili katika kinu kimoja, wakipokezana bila kugongana, wakiwasema watu kwa Kiiraqw na kuwacheka kwa Kiswahili. Alimwita bibi mama. Sauti yake ya "Shikamoo, mama!" ilitufikia kutoka kwenye uzio kabla hajaonekana mwenyewe kwenye ukungu. Na bibi alikuwa na utani wake ambao jirani aliucheka kila mara: tembo ni mashine yake ya kusaga, tena mashine isiyodai dizeli.

Mwaka mmoja, mahindi yakiwa yanakaribia kukomaa, tembo waliingia kwa jirani. Watu walipiga madebe, wakawasha moto, wakapiga kelele, wakawarudisha. Usiku uliofuata wakarudi kumalizia. Kulipopambazuka habari zilikuwa zimeshatufikia. Bibi alishika kichwa. Alisema, "Maskini, na watoto wale." Nakumbuka alivyosema, sauti yake ilikuwa ya kweli. Akaweka maji ya kuoga ili avae kitenge safi aende kumpa pole, kwa sababu kwetu huendi kumpa mtu pole na nguo za kazi. Kisha akatazama juu. Wingu lilikuwa zito. Mvua ikinyesha juu ya mavi mabichi, huyapati tena, yanakuwa tope.

Mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya. Ulichukua kiroba kitupu cha unga kilichotundikwa kwenye msumari, ukanipa. "Wahi kabla ya mvua," akasema. "Mimi naoga, nakuja."

Nilikimbia. Nilipofika nilikuta mabua yamelala yote upande mmoja, mbaazi zimeng'olewa na mizizi, na katikati ya uharibifu ule marundo makubwa ya mavi, yanatoa mvuke. Sikuwahi kuona mengi kiasi kile mahali pamoja. Niliinama nikaanza kuokota. Watoto wa jirani walikuwa wakiokota pia, vigunzi vilivyobaki na punje mbilimbili. Jirani alikuwa amesimama pale kibanda cha kulindia kilipokuwa, mikono nyuma. Aliponiona alikuja taratibu.

"Mwanangu, bibi yuko wapi?"

"Anaoga."

"Na wewe umetumwa nini?"

"Nimetumwa mavi ya tembo."

Alikitazama kiroba. Hakunifokea, hakuninyang'anya. Alisema tu, "Haya, okota, mvua inakuja," akageuka akaenda ndani. Nami nikaokota mpaka kikajaa. Njiani nilipishana na bibi, amejifunga kitenge chake safi, anakwenda kutoa pole. Aliona kiroba kichwani kwangu, akasimama ghafla. Nadhani ni pale alipoelewa kwamba kiroba kimetangulia na pole ndiyo inafuata nyuma.

Pole yake ilipokelewa mlangoni. Hakukaribishwa kukaa. Tangu siku ile jirani alipopita alisema, "Habari za asubuhi," kama wanavyosalimiana watu wa rika moja stendi. Shikamoo ilikwisha. Mtu asiye wa huku ataona ni jambo dogo. Bibi aliliona kubwa mno. Alikuwa akisimama pale pale alipo, na jembe mkononi, mpaka jirani apotee kwenye kona. Watu nao walisema. Wengine walinong'ona kwamba bibi huwaombea tembo waje. Kanisani niliona wanawake wakisogeza watoto wao kutupisha, na safari hii haikuwa kwa sababu ya harufu.

Bibi alijua njia moja tu ya kusema jambo la moyoni. Mavi ya kiroba kile aliyachemsha peke yake, akayatwanga peke yake, mchi mmoja ukisikika huko nyuma ya nyumba. Hakuyachanganya na mengine. Akatengeneza karatasi moja kubwa, na juu yake akamimina shamba la jirani lilivyokuwa kabla: mistari ya mahindi, mbaazi katikati, kibanda cha kulindia na mtoto juu yake. Sijaona tena kazi nzuri kama ile, na kwenye kazi hii ya loji nimeonyeshwa picha nyingi za bei mbaya. Alifanya siku nyingi. Alipomaliza, tulikwenda wote wawili.

Jirani aliipokea kwa mikono miwili, maana adabu hakuwa ameipoteza. Aliitazama kwa muda. Mwilini mwa karatasi mlikuwa na vidoa vya njano, maganda yaliyopita tumboni mwa tembo yakatoka mazima. Aliweka ukucha juu ya kimoja, akakwangua. Kikatoka. Akakiweka kiganjani, akamwonyesha bibi.

"Hili ni hindi langu," alisema. "Umenirudishia mahindi yangu, mama. Sasa niambie nitayasongaje ugali."

Mimi nilitazama miguu yangu. Rafiki yangu, nimeshasimama mbele ya mabosi wenye hasira na wageni waliopotewa na mabegi, lakini sijawahi kutamani ardhi inimeze kama nilivyotamani siku ile. Bibi alikuwa ametoa kitu bora kuliko vyote alivyokuwa navyo, na kilikuwa si kitu. Tuliporudi aliitundika fremu ukutani, akalifunika karai. Ule utani wa mashine ya kusaga sikuusikia tena mpaka anaingia kaburini.

Tulipovuna, alikifua kile kiroba, akakianika, akakijaza mahindi, akanituma. Nilipeleka tena na tena, mahindi na mbaazi, mpaka kihenge chetu kikaonyesha sakafu na sisi wenyewe tukaanza kunywa uji mwepesi. Jirani alipokea, akasema asante, akamimina, akanirudishia kiroba. Kitupu. Nawe unajua kwamba chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Utatia hata yai moja, hata majani ya mboga. Bibi alikuwa akikipokea, akitia mkono ndani kuhakikisha, kisha akikitundika kwenye msumari. Mara ya mwisho hakikurudi kabisa. Jirani alibaki nacho, na bibi akasema basi, maji yakimwagika hayazoleki.

Ilikuwa baada ya mvua za mwaka uliofuata, asubuhi ya ukungu kama zote. Tulikuwa tunakunywa uji. Tukasikia kutoka kwenye uzio, "Shikamoo, mama!"

Bibi aliweka kikombe chini. Jirani alitokea na kiroba kichwani, kimejaa mpaka shingoni, akakitua mbele ya miguu ya bibi. Kilikuwa na mavi ya tembo, makavu, mazuri, aliyoyaokota mwenyewe huko msituni. "Chombo hakirudi kitupu," alisema. Kisha, kama vile hajakosekana hata siku moja, "Kinu umekificha wapi?"

"Marahaba, mwanangu," bibi alisema, akajifunika uso kwa upande wa kitenge. Nilidhani analia kwa furaha. Nilipokua alinieleza mwenyewe kwamba ilikuwa aibu, tena kubwa kuliko ya siku ya kiroba. Alisema kusamehewa kunauma kuliko kununiwa, kwa kuwa aliyekununia bado una njia ya kumlipa deni lake, lakini aliyekusamehe utamtazama vipi?

Walitwanga pamoja miaka mingi baada ya hapo. Mtu akija kununua na kuuliza juu ya vidoa vya njano, bibi alijibu kuwa ni maganda ya mahindi, tumbo la tembo huwa haliyamalizi. Kisha alimwonyesha jirani kwa kidevu, akaongeza, "Muulize yeye ni ya nani." Hakuwahi kukiacha kipande hicho cha jibu.

Bibi ametutoka. Kinu kimepasuka, kimefanywa kiota cha kuku kutagia. Fremu sijui zilikwenda na nani. Tembo bado wanashuka, madebe bado yanapigwa, ila hakuna anayekwenda asubuhi na kiroba, na sijui niseme ni heri au ni hasara. Ile picha kubwa jirani hakuitupa. Aliondoka nayo alipohamia Endamarariek kwa binti yake, na yuko huko hadi leo, mzee sana, macho yakiwa bado makali. Nilikuwa nimepanga kumtembelea mwezi huu na kumpelekea kadi moja, nimwambie, ona, kazi yenu imefika mpaka lojini.

Jana mgeni wangu alipoondoka nilichukua kadi kwenye katoni, nikasogea nayo dirishani, nikaweka ukucha juu ya kidoa cha njano, nikakwangua. Hakikutoka. Nikakwangua tena mpaka karatasi ikachubuka. Ulikuwa wino. Vidoa vyote, kadi zote, vimechapwa na mashine mahali pale pale, na kadi hainuki chochote.

Nimeirudisha kadi katonini, upande uliochubuka chini. Leo wamekuja wageni wengine, wameuliza, nami nimejibu vilevile, maganda ya mahindi, na nimetabasamu. Hakuna aliyeniuliza ni ya nani. Safari ya Endamarariek nimeiahirisha. Yule jirani angekwangua mara moja tu, angeniinulia macho, na mimi sijui shikamoo yake ningeitoa kwa mdomo gani.