Kola za Mama Pacha

Karakana nzima ilimwita Mzee Futi, kwa sababu futi yake ya kupimia nguo haikumtoka shingoni hata siku ya harusi ya bintiye. Alikuwa msimamizi wa mafundi kumi na wawili wanaoshona sare za shule, na ungemuuliza yeyote pale angekuambia mzee hana makuu. Neno kali halikuwahi kumtoka. Watu walimpenda kwa hilo, nami nasema hilo ndilo lililomponza.

Fundi wa kola alikuwa Mama Pacha. Mikono yake ilikuwa myepesi, mdomo mwepesi zaidi, na kola zake nyingi zilikuwa na ncha moja ndefu kuliko nyingine. Wiki ya kwanza mzee alikusudia kumwambia. Akafika hadi kwenye mashine yake, akamkuta anasimulia jinsi wanawe wawili walivyofurahi mama yao kupata kazi, ulimi ukawa mzito. Mchana, wenzake walipokwenda kula, akazifumua zile kola mbovu na kuzishona upya. Kesho yake akafanya tena. Miaka miwili ikapita hivyo, mzee akila chakula kilichopoa, Mama Pacha akijiona fundi wa kupigiwa mfano.

Kisha mwenye karakana akatangaza kwamba kuanzia mwezi ujao kila fundi atatia namba yake kwenye kazi yake, mkaguzi ataletwa kutoka nje, na atakayerudishiwa zaidi ya kumi kwa wiki ataondoka. Mzee alijua hesabu. Za Mama Pacha alikuwa akifumua arobaini kwa wiki.

Hapakuwa na ujanja tena. Akamwita kwenye meza ya kukatia, akamwekea kola tano za asubuhi ile, akamweleza yote tangu mwanzo. Alitegemea kilio. Mama Pacha alizipima ncha kwa kidole, moja moja.

"Miaka miwili, mzee," akasema mwishowe. "Unafumua kazi yangu, halafu asubuhi unaniambia hongera fundi?"

"Sikutaka kukuvunja moyo, mwanangu."

"Na ningefukuzwa kazi, moyo ungekuwa mzima?"

Mzee aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Akavuta kiti, akaketi kando yake, mikono ameikalia isije ikamsaidia. Safari hii alitazama. Kumbe Mama Pacha alikuwa akikivuta kitambaa kutoka nyuma ya sindano ili kiende haraka, na ncha ya pili ikifika imeshapinda. Akamwambia aiache mashine ikipeleke yenyewe, apime, na kilichoharibika akifumue mwenyewe. Siku tatu Mama Pacha hakumjibu zaidi ya ndiyo na hapana. Karakana ilipoa, utadhani kuna msiba. Lakini kola mbovu zikashuka: ishirini na tano, kumi na nne, na wiki ya ukaguzi zikarudi tisa.

Mzee alifurahi hadi akasahau umri wake. Alikwenda kumpongeza, safari hii kwa haki, akamkuta ameshika shati ambalo mfuko wake ulishonwa na mzee mwenyewe. Mifuko ilikuwa kazi yake, usimamizi au si usimamizi.

"Mzee, huu mfuko umekwenda upande," Mama Pacha akasema taratibu. "Macho yako hayaoni vizuri. Inabidi upimwe."

Mzee akausogeza mfuko karibu na dirisha. Ulikuwa umekwenda upande kweli. Akacheka kidogo, akasema basi ni huo mmoja tu, mbona mkaguzi hakumrudishia hata mfuko mmoja.

Hakuna aliyecheka naye. Mafundi kumi na mmoja waliinamia mashine zao.

"Mifuko yako tunaifumua na kuishona upya ukienda stoo," Mama Pacha akasema. "Mwaka wa pili huu, kwa zamu. Zamu yangu Alhamisi."