Sare ya Kumi na Nne

Glavu ile bado ninayo. Imo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda changu hapa Magomeni, na kila nikifungua sanduku kutafuta cheti au picha, harufu yake hutangulia: jinzi jipya ambalo halijafuliwa, mafuta ya cherehani, na kwa mbali jasho la kiganja cha mtoto. Wanangu huishika kwa ncha za vidole wakiuliza ni kitu gani. Nikiwaambia ni glavu ya besiboli hunitazama kama nimetaja dawa ya mifugo, na hapo hulazimika kukaa kitako, maana maelezo yake hayamaliziki kwa sentensi moja.

Nawe nitakueleza hivyo hivyo, taratibu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini baba yangu alikuwa akinunua vitambaa na nguo Guangzhou na kuzisafirisha Dar es Salaam. Wenzake wengi walikaa majuma mawili tu kwenye hoteli za upande wa Huanshi, wakanunua, wakaondoka. Baba alichoka kwenda na kurudi, akatuchukua mimi na mama, tukapanga vyumba viwili karibu na Kangle, mahali ambapo vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba jirani akipika samaki wewe ndiye unayenuka. Vyerehani vililia kila dirisha. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na katika shule iliyonipokea kulikuwa na timu ya besiboli ya wavulana na wasichana pamoja.

Kama umewahi kucheza rede, nusu ya mchezo huo unaijua: kuna anayetupa, kuna anayekimbia, na kuna moyo unaodunda. Ongeza gongo la kuupiga mpira, ongeza vituo vinne ambavyo aliyepiga huvizunguka mpaka arudi alikoanzia, na umebakiza kidogo tu. Mimi nilikuwa mdakaji. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mwenye gongo na kudaka kila mpira unaompita. Wachezaji wenzake wote hutazama upande wake, na yeye peke yake ndiye anayeuona uwanja mzima. Nilipewa nafasi hiyo kwa sababu niliweza kuchuchumaa muda mrefu bila kulalamika, kipaji nilichokipata kwa kuosha vyombo uani kwa bibi yangu Tanga.

Mwalimu wetu wa mchezo aliitwa Mwalimu Ou. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, na sauti yake ilikuwa ya chini mno hata ukalazimika kunyamaza ili umsikie. Nimefundishwa na watu wengi tangu wakati ule, na mimi mwenyewe sasa ni mwalimu, lakini sijakutana na mtu aliyeifikiria timu kama yeye. Kila mwaka kabla ya msimu kuanza, katika majuma yale ya unyevu ambapo kuta za Guangzhou hutoa jasho na nguo hazikauki, alituketisha kwenye ngazi za saruji kando ya uwanja, maua mekundu ya misufi yakidondoka nyuma yetu kwa kishindo kama viatu, na tukabishana mchana kutwa. Hakuuliza nani hodari. Aliuliza, "Mtupaji wetu akiamka na homa, nani?" Tukitaja jina, aliuliza, "Na huyo naye akiteguka mguu?" Timu nyingi, alisema, zinamjua mtu wao wa kwanza. Yeye alitaka tumjue wa tatu.

Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja. Msaidizi wa kila nafasi hupendekezwa na mwenye nafasi yenyewe. Mdakaji husimama mbele ya wenzake na kumtetea yule atakayedaka yeye asipokuwepo. Mwalimu Ou aliamini kwamba hakuna aijuaye kazi kuliko anayeifanya, na kwamba mtoto anayeweza kumsifu hadharani mtu anayeweza kumpokonya nafasi ameshakuwa mchezaji. Alituamini kiasi hicho, watoto wa miaka kumi na moja.

Mwaka ule shule ilikuwa na sare kumi na nne. Kumi na tatu zilishapata wenyewe. Ilibaki moja.

Niliitaka sare hiyo kwa ajili ya Meilin. Meilin aliishi ghorofa ya chini ya jengo letu, ndani ya karakana ambamo mama yake alishona suruali za jinzi. Hakuwa na glavu ya dukani, kwa hiyo mama yake alimshonea moja kwa vipande vilivyobaki mezani, tabaka juu ya tabaka, nzito kama mto wa kulalia. Kila jioni alinidakia mipira kichochoroni mpaka mkono wangu ukachoka. Lakini mama yake alishatoa uamuzi: kama Meilin hataingia timuni, basi kila siku akitoka shule atakaa chini ya meza ya karakana akikata nyuzi zinazoning'inia kwenye suruali. Meilin alinieleza hayo bila huzuni yoyote. Alinionyesha hata mkasi mdogo ambao ulishanunuliwa, umefungwa kamba nyekundu ili auvae shingoni.

Upande wa pili alikuwepo Guoqiang. Huyu tayari alikuwa na sare yake, alicheza mbali kule nyuma ya uwanja, alikuwa mrefu na mkono wake uliurusha mpira kama jiwe la manati. Mwalimu Ou alituwekea hoja wazi. Guoqiang akiwa pia msaidizi wa mdakaji, mtu mmoja atakuwa ameziba mapengo mawili, na sare iliyobaki ataipata mtupaji wa nne kutoka darasa la chini, kwa kuwa watupaji huchoka upesi kuliko wote. Ilikuwa hoja nzuri. Watoto kadhaa walitikisa vichwa kukubali.

"Zuhura," akasema Mwalimu Ou, "ni nafasi yako. Tuambie."

Sasa nivumilie kidogo nikueleze nilikojifunzia ushawishi. Kila Jumamosi nilifuatana na baba kwenye soko la vitambaa. Akiona kitambaa anachokitaka kweli, hakukitazama. Alikipita, akarudi kama aliyesahau kitu, akakishika ukingo kwa vidole viwili, akakunja uso. Hiki kitachuja. Hiki chepesi, mwanga unapita. Nani alishona upindo huu, kipofu? Halafu alisema "bu yao", sitaki, akaondoka polepole mikono nyuma, nami pembeni yake. "Hesabu hatua," aliniambia bila kufungua midomo. "Akituacha tufike ya kumi, bei yake ni ya kweli." Mara nyingi hatukufika ya saba. Mama mwenye duka alipiga kelele, "Laoban, rudi, tuzungumze," na baba, bosi mwenyewe, aligeuka kama mtu anayesumbuliwa. Kitambaa ambacho hakukitaka kabisa ndicho alichokisifu. "Kizuri sana, hongera," alisema, na tukaenda zetu. Nilimwona kuwa mtu mwenye akili kuliko wote Guangzhou.

Basi nilisimama kwenye ngazi zile na kumsifu Guoqiang. Nilisema ana nguvu, ana mkono mrefu, ni hodari sana. Kisha nikakunja uso. Nikasema Meilin ni mfupi. Glavu yake ni matambara. Mkono wake haufiki mbali, miguu yake myembamba, na akikimbia anafanana na mtu aliyebeba ndoo. Sidhani kama tunamhitaji, nikasema. Nikashuka ngazi na kuanza kuondoka polepole, mikono nyuma.

Hatua ya tatu, kimya. Ya tano, nikasikia penseli ya Mwalimu Ou ikikwaruza daftari. Ya sita nikaelewa kwamba mwanamke yule hakuwa na duka, hakuwahi kuwa na duka, na alikuwa anaandika kila neno nililosema kama ukweli mtupu. Nilitaka kugeuka, lakini baba hakuwahi kunifundisha namna ya kugeuka. Ya saba. Ya nane.

"Laoban! Rudi, tuzungumze!"

Ilikuwa sauti ya Meilin. Aliita vile vile wanavyoita wauzaji, ameegemeza mkono kiunoni na kurefusha neno la mwisho. Timu nzima ikaangua kicheko, isipokuwa Mwalimu Ou, aliyeuliza kwa sauti yake ya chini kuna nini.

"Mwalimu, baba yake ni mnunuzi," Meilin akasema. "Mama huniambia mnunuzi akisifu, funga duka. Akianza kuponda, lete kiti."

Nilisimama pale nikiwa nimeiva uso. Meilin hakuwa amekasirika hata kidogo. Mtoto wa karakana, aliyeuona mchezo ule kutoka upande wa wauzaji maisha yake yote, alisikia kila tusi langu na kulipokea kama barua ya mapenzi.

Mwalimu Ou alifunga daftari. "Hapa hatuuzi mtu," alisema. "Rudi ulipokuwa. Utuambie unachokiona ukiwa umechuchumaa."

Nilirudi, na utashangaa nikikwambia kwamba maneno yalinikataa. Sikuwahi kumsikia mtu wa nyumbani kwetu akikisifu kitu anachokitaka. Mwishowe nikaanza na mpira mbaya kuliko yote, ule unaogonga ardhi mbele ya mdakaji na kuruka usikojua. Wengi hukwepesha uso. Nikasema Meilin hupiga magoti na kuuacha umgonge kifuani, kisha huufunika kama anayefunika kuku, na kwamba nimemtupia mipira ya namna hiyo kichochoroni mpaka mimi ndiye niliyeomba tupumzike. Nikasema anajua kuwa mtupaji wetu akianza kulamba midomo amechoka, jambo ambalo mimi nilichukua miezi kuliona. Nikasema nikiumia, ningetaka yeye ndiye ashike nafasi yangu, hata kama sitarudishiwa. Hilo la mwisho sikuwa nimelipanga.

Halafu Guoqiang, mrefu kuliko wote pale, akainua mkono.

"Mimi hufumba macho," alisema.

"Lini?" akauliza Mwalimu Ou.

"Mwenye gongo akizungusha gongo. Kila mara. Nilidhani wote hufumba." Akakuna kichwa. "Niacheni kule mbali, Mwalimu. Kule naona vizuri."

Nilimcheka siku ile pamoja na wengine. Leo nikiwaza mvulana aliyetoka kusifiwa mbele ya timu nzima, akazikataa sifa hizo kwa kinywa chake ili asimzibie mwenziwe njia, namvulia kofia. Mwalimu Ou alifungua tena daftari, akachukua kifutio, akafuta polepole maneno yangu ya kwanza, akapuliza vumbi. Sare ya kumi na nne ikawa ya Meilin. Ilimpwaya hadi magotini. Mama yake aliipunguza siku hiyo hiyo, na ule mkasi wa kamba nyekundu ukafanya kazi yake ya kwanza kwa kukata nyuzi za sare.

Nilipomsimulia baba, alicheka mpaka akakalia robota la vitambaa. Kisha akafuta macho. "Sokoni, mama, mimi nadanganya na muuzaji anajua nadanganya. Mwalimu wako alikuwa hajui."

"Meilin alijua," nikasema.

"Basi huyo mshike."

Msimu ulipoanza nilitegua kidole katika mechi ya tatu, na Meilin akaingia na glavu yake ya matambara, akadaka hadi mwisho. Kombe hatukulipata. Baba hakukosa mechi hata moja. Alisimama nyuma ya waya akiwa na viatu vyake vya sokoni, ametoka moja kwa moja soko la nguo la Shisanhang, mifuko ya nguo miguuni pake. Na kila mara, tukirudi nyumbani, alikuwa na la kusema. "Leo umedaka kama mtu anayefukuza nzi." "Kofia ile ya waya inakufanya ufanane na jogoo kwenye tenga." Kuhusu Meilin alisema, "Hodari sana yule mtoto, hongera zake." Nililimeza hilo kwa miaka. Usiku nililala nikidhani baba yangu angependa zaidi kumzaa Meilin.

Siku tulipoondoka kurudi Dar es Salaam, Meilin alinipa glavu ile. Alisema sasa anayo ya ngozi, hii ni mzigo tu, imechakaa, hata mbwa hawezi kuilalia. Nikajua inamuuma kuiachia.

Lakini ya baba sikuyajua hivyo. Nilikuwa msichana mkubwa siku nilipohitimu chuo cha ualimu. Baba alikuja na kanzu yake nyeupe, mvi zimejaa ndevuni. Watoto wa wenzake aliwapa mikono, akawaambia vizuri sana, hongereni. Akafika kwangu. Hakunitazama. Alinipita, akarudi kama aliyesahau kitu, akashika ukingo wa joho langu kwa vidole viwili na kukunja uso.

"Hili," alisema, "likifuliwa mara moja litachuja."

Kisha akageuka na kuanza kuondoka polepole kuelekea getini, mikono nyuma.

Nikahesabu. Moja. Mbili. Sikumwacha afike ya tatu. Niliegemeza mkono kiunoni, katikati ya wahitimu na wazazi wao, nikaita kwa sauti ya vichochoro vya Kangle, "Laoban, rudi, tuzungumze."

Hakugeuka mara moja. Lakini alisimama, na niliona mabega yake yakicheka.